Lubisi Isiyonuka Dawa

Jumapili, 15 Septemba

Kurasa za mbele za daftari hili ni za tangi: tarehe, vijiko vya dawa, rangi ya maji. Kurasa za nyuma ni zangu, na leo nazianza kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Baada ya misa kamati ya maji ilikaa kikao nje ya kigango. Tulikutana kupanga usafi wa tangi kabla ya mvua za vuli. Tangi halikutajwa. Kilichotajwa ni lubisi. Saa nzima watu wazima wenye wajukuu wanalalamika kwamba tangu bomba liingie huku kwetu Izimbya, pombe yao ya ndizi inanuka hospitali. Na aliyechochea ni mwenyekiti mwenyewe, shemeji yangu Ildefons, mdogo wa marehemu mume wangu. Hakuna sherehe kijijini isiyopitia kwenye mtumbwi wake wa kukamulia ndizi.

"Mama Johnson, waitu," akaniambia kwa kubembeleza, "huwezi kupunguza hata kijiko kimoja? Siku za kukamua tu."

Nikamjibu mbele ya wote. Nimekuwa fundi wa maabara ya sekondari miaka thelathini na moja, na klorini, ndiyo hiyo dawa ya maji, naijua kuliko ninavyowajua wao. Imo kwenye chumvi wanayotia kwenye maharage, imeshikamana na mwenzake, imetulia. Ikiwa peke yake ni gesi ya kijani-njano, nzito, inayotambaa chini, na huko Ulaya iliwahi kuua askari wakiwa kwenye mahandaki. Chembe zake kidogo ndani ya maji zinaua vijidudu vya kuhara. Chembe hizohizo zikikutana na utomvu wa ndizi, nyasi za kukamulia na mtama, zinatoa hiyo harufu ya hospitali. Basi lubisi ikinuka, mjue maji ni salama. Kunyweni mkishukuru.

Watu walicheka. Ildefons alitazama viatu vyake. Nilifurahi, siwezi kusema uongo.

17 Septemba

Nimemkuta Evelyne, mke wa mwanangu Johnson, anachemsha maji ya kunywa ya mtoto. Nikayamwaga. Nimemwambia tena: kwangu mimi Immakulata maji hayachemshwi. Mimi ndiye ninayetia dawa kwenye tangi linalonywesha kaya sitini, halafu mkamwana wangu anachemsha? Majirani watasemaje?

"Sawa, mae," akajibu. Ni msichana wa Kimwani, kule Muleba, amelelewa vizuri. Mume wake anafanya kazi Bukoba mjini na yeye amekaa kwangu na mtoto, Josia, miezi saba, ana meno mawili na anang'ata kila kitu.

Sikumwambia Evelyne kwamba nilikuwa na binti. Aliitwa Agnetha. Alikuwa na miaka minne alipokunywa maji ya chemchemi ya bondeni, akaharisha siku moja na nusu, basi. Tangu siku hiyo naichukia ile chemchemi kama mtu aliyenitendea. Ndiyo maana nilipigania bomba hili miaka tisa.

18 Septemba

Nimemfumania Ildefons ndani ya stoo ya kigango, kando ya pipa la dawa, funguo mkononi. Eti alifuata viti vya harusi! Wanasema mchawi mpe mwana kulea. Mimi mwana wangu simpi.

Mchana huohuo nikaita bodaboda, tukalihamisha pipa hadi kwangu, kwenye stoo ya mabati nyuma ya jiko. Njiani tuliteleza kwenye kona, pipa likaanguka, kifuniko kikapasuka ukingoni. Nimekifunika kwa mfuko wa nailoni na jiwe juu. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Sasa aje apunguze kijiko.

30 Septemba

Vidonge vya kupimia maji vimeisha leo. Ni vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi dawa ikiwepo. Niliagiza vingine Mwanza tangu Agosti, wauzaji wananiambia "vinakuja mama." Vinakuja kwa miguu? Lakini pua yangu ninayo. Nikifungua mlango wa stoo, harufu inanipiga hadi machozi yananitoka. Dawa ina nguvu zake.

6 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati la stoo linavuja pale pale palipovuja mwaka jana. Fundi alikula ujira wangu bure.

12 Oktoba

Jembe jipya, nililolinunua Julai, limeota kutu lote, mpaka misumari ya rafu imekuwa myekundu. Limekaa stoo tu, halijalala nje hata siku moja. Siku hizi wanatuuzia makopo yaliyonyooshwa na kuyaita majembe.

15 Oktoba

Nakohoa. Evelyne anasema ni moshi wa jiko. Anajifanya daktari.

19 Oktoba

Kitenge changu cha bluu na manjano, cha Krismasi, nilichokuwa nimekitundika stoo ili kisipigwe na jua! Kimefanya mabaka meupe begani na kwenye mikunjo. Kitenge cha dukani kwa Shadya pale Bukoba, aliyeniapia kwamba rangi haitoki. Ijumaa naenda nacho.

25 Oktoba

Nimerudi Bukoba nikiwa na hasira kuliko nilivyoondoka.

Shadya alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaagiza chai. Sikuinywa. Nikamtandazia kitenge mezani mbele ya wateja wake wawili na kumwambia anachostahili kuambiwa. Hakupandisha sauti. Alikigeuza, akakinusa, akakipapasa mpaka akafika pale penye mabaka, na kidole chake kikatoboa nguo kama karatasi iliyolowa.

"Mama, hivi vitu nimezaliwa navyo," akasema. "Kitenge kibaya kinatoa rangi majini, kinapauka chote. Hiki kimeliwa. Kulikuwa na kitu karibu yake. Ulikiweka wapi?"

"Kwangu ni safi!" nikamwambia.

"Sijasema pachafu, mama yangu. Nimeuliza ulikiweka wapi."

Nikakikunja nikatoka. Wafanyabiashara ndivyo walivyo: wamekuibia, na bado wanakuuliza maswali.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo ilikuwa mahari ya mjukuu wa mzee Kagaruki, jirani yangu wa chini, mtu mwema kuliko wote kijijini. Ndiye aliyetoa kipande cha kibanja chake ili bomba lipite, akakata migomba yake saba bila kuomba chochote.

Lubisi ilikuwa ya Ildefons. Nilipewa kibuyu kama mke wa ukoo. Nikanywa mrija mmoja nikashtuka. Tamu. Safi. Ndizi na mtama tu, kama ile aliyokuwa akitengeneza baba mkwe wangu kabla ya bomba. Wazee walikuwa wanafumba macho. Kagaruki akainua kibuyu na kusema, "Ildefons, umeturudisha nyumbani."

Nikamtazama shemeji yangu akipokea sifa, nikaelewa. Amerudi bondeni. Mwenyekiti wa kamati ya maji anachota chemchemi iliyomuua binti yangu, anawanywesha wageni, kusudi pombe yake isifiwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaweka kibuyu chini.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemsema hadharani.

Kikao kilijaa. Nikasimama na daftari hili mkononi, kurasa za mbele, nikawasomea vijiko vya kila siku, hakuna siku niliyoruka. Kisha nikauliza: kama maji yetu yana dawa, lubisi ile ya tarehe mbili ilikosaje harufu? Jibu ni moja. Ni maji ya bondeni.

Ildefons alisimama polepole, kofia mkononi.

"Nawaapia mbele ya Mungu na mbele ya kaburi la kaka yangu. Lubisi ile ni maji ya bomba. Nilichota pale kwangu, madumu manne, mke wangu shahidi. Hata mimi nilishangaa ilivyotoka tamu. Nikadhani shemeji kanihurumia, kapunguza kijiko."

"Sijapunguza!" nikapiga kelele. "Yangekuwa ya bomba, ingenuka. Hiyo ni kemia, si maneno ya kilabuni."

Nani angebishana na kemia? Wakapiga kura. Ameondolewa uenyekiti na bomba lake limefungwa mpaka Pasaka. Mke wake alipita mbele yangu bila kuniamkia. Mzee Kagaruki peke yake alinyoosha mkono kumtetea, akaniambia baadaye, "Mama Johnson, yule mtu simjui kwa uongo." Nikamwambia wema wake utamponza.

16 Novemba

Senene wameanza. Evelyne kajaza ndoo mbili. Nina mafua, sioni ladha ya chochote.

21 Novemba

Siku ya nne mvua haikatiki. Maji ya tangi yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji machafu yanakula dawa, kwa hiyo nimetia vijiko mara mbili. Bombani sikusikia harufu, ila na haya mafua hata yai viza nisingelisikia. Nimepita nyumbani kwa Ildefons nikaona mke wake anapandisha kilima na dumu la maji ya bondeni kichwani. Nikasema moyoni, mtajifunza.

25 Novemba

Mzee Kagaruki anaharisha tangu jana. Nimempelekea dumu la maji kutoka bombani kwangu, maji safi, ili asije akapewa ya ajabu ajabu. Nimemwambia mke wake ampe mengi.

27 Novemba

Josia.

Alianza alfajiri. Mara nne kabla ya jua kuchomoza, maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele, na kutapika. Kufika saa nne mchana utosi wake ulikuwa umebonyea na akilia machozi hayatoki. Nimewahi kuona uso ule. Niliwahi kuubeba.

Evelyne hakulia. Alimfunga mgongoni, tukaenda zahanati kwa bodaboda mbili kwenye matope, na tulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Watu wamelala kwenye majani ya migomba. Nilihesabu kaya kumi na moja za mtaa wetu. Mzee Kagaruki alikuwa kwenye benchi, amefumba macho, miguu ya baridi.

Nesi Nuriat, binti wa Bukoba mjini aliyeletwa kwetu mwaka jana, hana hata dakika ya salamu. Akampa mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akanitazama.

"Mama, mnakunywa maji gani?"

"Ya bomba. Yana dawa. Naitia mwenyewe."

"Mnachemsha?"

Evelyne akajibu kabla yangu. "Hapana. Mae hataki."

Alisema kwa upole, akaniangalia usoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Nilimkasirikia na mtoto akiwa anakufa mgongoni kwake. Nikapaza sauti pale uwanjani kwamba kuna mtu ameondolewa cheo, ana kinyongo, na anajua njia ya kwenda tangini. Nikawauliza wagonjwa: mnaona mtu wa nyumba ya Ildefons hapa? Wako wapi? Mbona wao wazima?

Watu wakaanza kunung'unika. Vijana wawili wakasimama.

Nuriat akainuka na kijiko mkononi. "Kaeni chini. Hao wa Ildefons nimewatembelea juzi. Wanachota bondeni na wanachemsha kila tone, kwa sababu mmewafungia bomba. Ndiyo sababu ni wazima." Kisha kwangu, taratibu: "Mama, usiniletee vita hapa. Nina dripu nane tu."

Mchana gari la kukodi limewachukua Josia na Evelyne kwenda hospitali Bukoba. Johnson atawapokea. Nimebaki kwa sababu gari lilijaa wagonjwa. Naandika haya nimekaa kwenye benchi alilokuwa amekalia Kagaruki.

28 Novemba

Mzee Kagaruki amefariki saa tatu asubuhi. Dumu nililompelekea lilikuwa limebaki robo.

Josia yu hai. Dripu wameipata kwenye mshipa wa mguu.

29 Novemba

Yu hai bado.

Jumamosi, 30 Novemba

Ildefons alikuja mchana, baada ya mazishi ya Kagaruki. Sikutegemea. Alikuwa na kibuyu kidogo kimezibwa kwa jani la mgomba. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

"Mama Johnson, nimekuja kwa ajili ya mtoto, sikuja kwa ajili yangu," akasema. "Mimi sijasoma kemia. Najua lubisi tu. Juzi nimeomba dumu moja la maji ya bomba kwa jirani, nikakamua mkungu mmoja, nikalaza na mtama kama kawaida. Jirani alinisindikiza, alikuwepo tangu kuchota hadi kuchuja. Onja. Usimeze, tia ulimini uteme."

Mafua yameniisha tangu juzi. Nikaonja. Tamu. Tamu kabisa, hakuna harufu hata ya mbali.

"Wewe ndiye uliyetufundisha," akasema. "Dawa ikiwepo, lubisi inanuka. Sasa mbona hainuki?"

Niliinuka nikaenda stoo. Nilifungua mlango na harufu haikunipiga. Wala sikukumbuka ni lini iliacha kunipiga. Nikaondoa jiwe, nikaondoa nailoni iliyokuwa imetoboka kama ungo. Ndani unga ulikuwa umegandamana kama chokaa iliyonyeshewa. Nikatia vijiko vitatu vizima kwenye kikombe cha maji, dozi ya kuunguza koo la ng'ombe, nikachana kipande cha kile kitenge cha Shadya, upande wenye rangi yake, nikakitumbukiza. Tukakaa, mimi na Ildefons, tunakitazama. Dawa hai ingekifanya cheupe kabla sala ya rozari haijaisha. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi kwenye migomba. Kitenge kilibaki bluu na manjano.

Dawa ilikuwa imekufa. Nimeiua mimi. Klorini haitaki joto, haitaki unyevu, inataka kufunikwa na kuwekwa penye baridi, kama pale kigangoni kwenye ukuta wa mawe. Nimewafundisha hayo watoto wa watu miaka thelathini na moja. Mimi nimeiweka chini ya bati, ukuta mmoja na jiko, kifuniko kimepasuka, kwa sababu sikutaka shemeji yangu aishike. Ile harufu niliyoisifia ilikuwa nguvu yake inatoka mlangoni. Ilikula jembe. Ilikula misumari. Ilikula kitenge na kifua changu. Ilikwenda kila mahali isipokuwa kwenye maji. Shadya aliniuliza nilikiweka wapi, nami nikaona ananitukana.

Nimesoma kurasa hizi za nyuma tangu mwanzo. Nimemkasirikia fundi wa bati, muuza jembe, Shadya, Evelyne, Ildefons, wauzaji wa Mwanza, hata marehemu Kagaruki. Kila ukurasa una mwizi, na kila ukurasa mwizi ni mwingine. Na Evelyne alichemsha. Tarehe kumi na saba Septemba alichemsha maji ya mwanawe, na mimi nikayamwaga.

Ildefons alikuwa bado amekaa. Nikamwambia, "Nichape."

"Utaniongezea kazi," akasema. "Twende tukafunge koki ya tangi."

Jumapili, 1 Desemba

Padri alinipa nafasi baada ya komunyo. Nilisimama palepale niliposimama kumsema Ildefons, nikasoma kurasa za nyuma, zote, kuanzia pipa hadi kikombe. Nilifika kwenye dumu la Kagaruki. Mjane wake aliinuka akatoka nje. Hakuna aliyecheka safari hii. Mtu mmoja kule nyuma alisema kwa Kihaya neno ambalo siliandiki, na ni kweli.

Ildefons amerudishiwa kiti chake na bomba lake. Mimi nimetoa ufunguo kwenye pindo la kanga nikauweka mezani. Wakajadiliana bila kunitazama. Mwishoni Ildefons akausukuma kurudi kwangu, akasema nitatia dawa mimi lakini pipa litakaa kigangoni, na watu wawili watashuhudia kila kijiko. Waliokubali ni wengi kidogo kuliko waliokataa. Nimehesabu mikono iliyokataa. Ni haki yao.

5 Desemba

Josia karudi, mwepesi kama kuku aliyekosa chakula. Evelyne alipofika alipita jikoni moja kwa moja, akabandika sufuria ya maji, akasimama mbele yake, mgongo kwangu. Nikaenda kumletea kuni.

9 Desemba

Pipa jipya limefika kutoka Muleba, kifuniko kizima. Vidonge vya Mwanza navyo vimefika leo. Maji yamekuwa ya waridi. Nimeandika kwenye kurasa za mbele, mashahidi wakatia saini. Siviamini vidonge peke yake, na mimi mwenyewe sijiamini hata kidogo.

Nimemwandikia Shadya ujumbe wa simu. Kajibu: "Pole mama. Mtoto anaendeleaje?" Hakusema chochote kuhusu kitenge. Nimekasirika tena, kwa aibu.

Jumapili, 15 Desemba

Jana ilikuwa arobaini ya mapema ya mzee Kagaruki, wanawe wanarudi makazini kabla ya Krismasi. Sikualikwa. Nilikaa nyuma ya uzio wa migomba upande wangu, nikisikia watu.

Kabla ya kugawa, Ildefons alivuka uzio na kibuyu. Tumekubaliana, yeye na mimi tu, kufanya hivi kila Jumamosi kuanzia jana, haijalishi kuna sherehe au msiba: anakamua kidogo kwa maji ya bomba, ananiletea.

Nikanywa. Kwanza ndizi, kisha mtama, halafu nyuma ya ulimi ikaja: hospitali, bendeji, sakafu iliyopigwa deki. Upande wa pili nilisikia wazee wakitema na kulaani, na mjane wa Kagaruki akisema kwa sauti iliyonifikia, "Mbaya. Mbaya kabisa. Mpe na mgeni huyu, naye anywe."